Mwalimu Aliyeuliza Majina ya Nyumbani

Katika shule yetu ya sekondari, nje kidogo ya Katito, kulikuwa na mwalimu ambaye mama zetu walituonya tusimtajie majina yetu yote. Alifundisha biolojia. Alikuwa mfupi, mwembamba, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni hata siku ambazo mabati ya darasa yalikuwa yakilia kwa jua. Shule ilikuwa na walimu wengi, lakini tukisema Mwalimu, bila neno jingine, kila mtu alijua ni yeye. Jina lake ninalo. Sitaliandika, maana watu wa kwetu wamelitaja vibaya kwa miaka mingi, nami nilikuwa mmoja wao.

Walimu wengine waliita rejista haraka, kama mtu anayehesabu kuku jioni. Yeye aliisoma polepole, na akifika kwenye jina la Owiti au Awiti alisimama na kuinua uso.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Mama akizaa watoto na wakafa mmoja baada ya mwingine, yule anayefuata hutupwa. Anabebwa akiwa na siku chache tu, analazwa kando ya njia, na mwanamke mzee aliyekwisha kupangwa anapita, anajifanya amemwokota, anamrudisha katika nyumba ile ile kama mtoto aliyepatikana. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa mama yule hakimwoni, kwa sababu huyu sasa ni wa njiani. Ndiye huitwa Owiti akiwa wa kiume, au Awiti akiwa wa kike, yaani aliyetupwa. Mimi ni Owiti. Mbele yangu walikufa wawili.

Basi Mwalimu akisimama kwenye jina hilo, maswali yalikuwa yale yale. Walikutangulia wangapi? Walikuwa wakilia wakishikwa miguu? Vidole vilivimba? Macho yao yalikuwa na rangi gani? Nilimjibu siku ya kwanza kwamba sikuwaona, walikufa kabla yangu. Akaniambia niende nimuulize mama. Nilipomuuliza mama aliacha kuchambua mboga, akaniuliza ni nani aliyenituma. Nikamwambia. Kuanzia jioni ile mama alikuwa adui wa Mwalimu, na hakuwa peke yake. Sokoni Katito wanawake waliambiana: huyo mwalimu akiuliza mtoto yako kama nyumbani kuna Awiti, mwambie aseme hakuna.

Alikuwa na daftari la jalada jeusi. Humo alichora kila familia kwa maduara na miraba, mistari ikishuka kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, na watoto waliokufa aliwajaza wino. Niliwahi kuona ukurasa wetu. Miraba miwili ilikuwa imejazwa, na wa tatu, ambao ni mimi, ulikuwa umejazwa nusu kwa penseli, na pembeni alama ya kuuliza.

Somo la DNA lilikuwa la kidato cha nne, lakini yeye alilifundisha kila kidato, kila mwaka, hata kama silabasi ilisema tuwe kwenye majani na mizizi. Alikuwa amesokota ngazi ya kamba ya mkonge, ndefu kutoka kwenye boriti hadi karibu na sakafu, na kwenye kila kipago amefunga vifuniko viwili vya soda vilivyopakwa rangi. Rangi zilikuwa nne, kwa herufi nne: A, T, C na G. Ilijizungusha polepole upepo ulipoingia, na sisi tuliokaa nyuma tulisikia vifuniko vikigongana wakati wa mtihani.

Alisema katika kila seli ya mwili kuna ngazi kama ile, nyembamba hata hadubini ya shule haiwezi kuionyesha, na ukiinyoosha ile ya seli moja tu inampita kwa urefu mwanafunzi mrefu kuliko wote darasani. Imekunjwa na kukunjwa tena mpaka ikaenea kwenye kiini. Herufi A hushikana na T, na C hushikana na G, hazibadilishani wenzi. Kwa hiyo ukijua upande mmoja wa ngazi, upande wa pili umeshaujua. Seli ikitaka kujigawa, ngazi inafunguka katikati kama zipu, kila upande unajijengea mwenzake, na hapo ngazi moja imekuwa mbili. Mpangilio wa herufi hizo ndio maagizo: tatu tatu, zinasema ni kipande gani cha protini kifuate kingine, na kwa protini hizo mwili unajenga damu, ngozi, kucha na kila kitu.

"Huyu mwandishi hunakili mchana na usiku," alituambia, "na hukosea mara chache sana. Lakini akikosea, lile kosa nalo analinakili kwa uaminifu ule ule."

Kisha akapanda juu ya dawati, akachagua kifuniko kimoja katikati ya ngazi, akakibadilisha rangi, A ikawa T, na upande wa pili T ikawa A. Akashuka. Akatuuliza kama tunaona tofauti. Hatukuiona, ngazi ilikuwa ni ile ile. Akasema hiyo ndiyo tofauti kati ya mtoto anayecheza mpira na mtoto anayefia mikononi mwa mama yake. Kwenye maagizo ya ile protini nyekundu inayobeba hewa katika damu, herufi hiyo moja ikikosewa, chembe za damu ambazo zilipaswa kuwa mviringo na laini zinajipinda kama mundu, zinanasa kwenye mishipa myembamba, na kila zinaponasa ni maumivu. Ukirithi kosa hilo kwa mzazi mmoja tu, utaishi na huenda usijue kamwe kama unalo. Ukirithi kwa wote wawili, wewe ndiwe mtoto ambaye anayekufuata ataitwa Owiti.

Mmoja wetu aliuliza kwa nini kosa kama hilo halikufutika, maana wenye nalo walikuwa wakifa. Mwalimu alionyesha dirishani, upande wa tambarare inayoshuka hadi ziwani, maji ya mvua yakiwa yamesimama kwenye mashamba. Akasema mwenye kosa la mzazi mmoja malaria haimuui kirahisi. Babu zetu waliokuwa nalo ndio waliobaki. "Msilichukie," alisema. "Limetulea."

Nimeishi sehemu nyingi tangu wakati huo. Nimekaa Mbita, Busia, Kampala, nimerudi Kisumu, nimeondoka tena. Kazi yangu ya miaka mingi imekuwa kufunga mahema na kupanga viti katika harusi na matanga. Matanga ni mengi kuliko harusi. Kila nilipoona jeneza fupi linashushwa kutoka kwenye gari, nilikumbuka sauti yake akisema limetulea.

Nipe upande mmoja. Hilo lilikuwa neno lake kwa kila jambo. Mwanafunzi akianza kueleza kwa nini amechelewa, alimkatiza: nipe upande mmoja, wa pili nitaupata mwenyewe. Na aliupata. Alimtazama msichana akinawa mikono bombani akajua nyumbani kwao hapakupikwa jana. Alimwambia mlinzi wa shule, bila kuulizwa, kwamba mkewe hatarudi, na kweli hakurudi. Hakuwa na hila yoyote, alikuwa anatazama tu, lakini hakujua kwamba mtu akiambiwa jambo lake kabla hajalisema huona ametazamwa hadi ndani ya mifupa, na hapendi.

Hata hivyo kulikuwa na mambo yake ya kuchekesha. Alikuwa Msabato wa kweli, Ijumaa jioni hata kalamu haishiki, na pombe hakuwahi kuonja. Lakini maabara yetu haikuwa na spiriti, au tuseme ilikuwa nayo mpaka mtunza maabara alipogundua kwamba inanyweka. Na bila spiriti kali Mwalimu asingeweza kutuonyesha DNA kwa macho. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka alipanda gari hadi Kisumu, akaingia mtaa wa Obunga na mfuko wake wa kanisani, akanunua chang'aa.

Hili nililipata baadaye, nilipopanga chumba Obunga na kumfahamu mama aliyemuuzia. Aliniambia Mwalimu alitaka ile ya kwanza kutoka kwenye bomba, yenye kuwaka moto, na aliipima kwa kuiwasha kwenye kijiko kabla ya kulipa. Wateja walimcheka na kumwita pasta. Yule mama aliwajibu, "Huyu hanywi. Yeye anatoa roho ya watu, anaweka kwa chupa." Alikuwa akitania. Lakini utani huo ulipanda gari kwenda Katito, na ulipofika haukuwa utani tena.

Alichokuwa akikifanya kilikuwa hivi. Alisaga ini la kuku kwenye kinu, akatia maji ya chumvi na sabuni ya unga, akachuja kwa kitambaa, akamimina kwenye glasi. Halafu ile chang'aa, ambayo ilikuwa imelala ndani ya mtungi wa maji ipoe, aliiteremsha polepole pembeni mwa glasi ili ikae juu. Tulisogea. Kati ya yale maji mekundu na ile chang'aa palianza kupanda kitu cheupe, kama utando wa buibui, kama utelezi wa mlenda. Alikichota kwa kijiti cha ufagio, akakizungusha, kikajisokota juu ya kijiti.

"Kuku mzima yuko hapa," alisema. "Mdomo, manyoya, na ukaidi wake."

Wasichana wawili walitoka nje. Nami nilitaka kutoka, lakini sikuweza kuacha kutazama.

Na huyu mtu wa maini na chang'aa aliogopa damu. Mwanafunzi akitoka damu puani Mwalimu aligeuka rangi, akashika ukuta, akatafuta mlango. Alijua kila kitu kilichomo ndani ya damu, lakini yenyewe hakuweza kuitazama ikitoka kwa mtu.

Darasani kwetu kulikuwa na Awiti, msichana wa Nyakach kama mimi, hodari wa hesabu, mwenye macho ya manjano. Alikuwa mdogo wa mwili, ungedhani ni mtoto aliyemsindikiza dada yake shuleni. Kila msimu wa mvua alikosa wiki mbili, tatu. Mwalimu alimhamisha akakaa mbali na dirisha lililovunjika. Alimkataza kukimbia kwenye michezo, akamwekea chupa ya maji juu ya dawati na kumwamuru anywe hadi iishe. Kisha akafanya kosa. Alimwambia mbele ya darasa zima, kwa sauti yake ile ya kusoma rejista, kwamba yeye Awiti anayo ile herufi kwa wazazi wote wawili, kwamba wazazi wake walimtupa njiani lakini wasingeweza kulitupa lile alilozaliwa nalo, na kwamba wampeleke Kisumu apimwe na kutibiwa kabla ya mvua kubwa.

Hawakumpeleka. Walimpeleka kwa mwombaji anayeombea wagonjwa. Awiti alikufa mvua ilipokuwa katikati, tukiwa kidato cha tatu.

Siku nne baada ya mazishi baba yake alikuja shuleni. Hakuwa na silaha, alikuja na kofia mkononi, akasimama kwenye mlango wa darasa somo likiendelea.

"Wewe mwalimu," alisema. "Hii mtoto yangu nilificha. Nilificha vizuri. Miaka kumi na saba hakuna kitu iliiona. Ni wewe uliiambia mahali iko."

Mwalimu alishika chaki. Nilidhani atamweleza, maana alikuwa mtu wa kueleza. Alisema tu, "Baba, wadogo zake wako wangapi?"

Yule mzee alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Akaondoka. Na kabla ya jua kutua, kila boma kutoka shuleni hadi barabara ya Kendu Bay lilijua kwamba mwalimu wa biolojia hajatosheka na mmoja, anauliza waliobaki.

Hapo ndipo jina la jajuok lilipomkaa, mchawi. Walimtupia mawe juu ya bati. Mbuzi wake alikutwa amekufa. Wanafunzi walianza kumpa majina ya uongo, wakabadilisha hata kwenye vitabu vya mazoezi, na katika daftari lake jeusi mistari ikaanza kuishia hewani. Hakuhama, wala hakupunguza sauti. Aliendelea kusimama kwenye rejista kila asubuhi. Lakini maswali yake hayakujibiwa tena, na mimi, ambaye aliniona kama mwanafunzi wake wa karibu, niliimba pamoja na wengine wimbo waliomtungia.

Hata hivyo alinifanyia jambo moja kabla sijamaliza shule. Aliniita chini ya ile ngazi ya kamba, akaniambia kwa sauti ya chini, safari hii bila watu, kwamba mimi ni mzima lakini baba na mama bila shaka kila mmoja alikuwa na ile herufi. Mtoto mzima wa wazazi kama hao, katika nafasi tatu mbili ni kwamba anayo moja. "Siku utakapotaka kuoa," aliniambia, "usilale na jambo hilo. Mlete tumuulize."

Nilichukua miaka mingi kufika siku hiyo. Nilikuwa mtu wa kuondoka. Kila mji nilioingia ulinichosha nilipoanza kujua majina ya majirani. Nilikuwa nimepita thelathini na nane nilipokutana na Atieno, alikuwa akiuza nguo za watoto Sondu, na kwa mara ya kwanza nikatamani kubaki mahali. Nilimwambia kuna mzee mmoja lazima tumwone. Alidhani ni mjomba wangu.

Mwalimu alikuwa amestaafu, anaishi kwake juu ya Sondu, mahali ambapo usiku baridi ya upande wa Kericho inashuka. Mkewe alitupa chai na viazi vitamu. Hawakuwa na watoto, na jambo hilo pia watu walikuwa na maelezo yao. Nilimweleza tumekujia nini, kwa aibu kidogo, kama mtu mzima anayerudisha kitabu alichoazima shuleni. Yeye alitabasamu. Sikuwahi kuona tabasamu lake likikaa muda mrefu hivyo. Nafikiri hakuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kurudi.

Akamuuliza Atieno majina ya nyumbani. Atieno akayataja: yeye Atieno, aliyezaliwa usiku, kaka yake Omondi, wa alfajiri, Akinyi, wa asubuhi, Odhiambo, wa jioni. Mwalimu alisikiliza huku akihesabu kwa vidole. Akauliza kama kuna Owiti yeyote, Awiti yeyote, kwa mama, kwa shangazi. Atieno akasema hakuna, kwao ni watu waliookoka tangu bibi yake.

"Haya ni majina ya saa tu," Mwalimu akasema. "Sioni kaburi ndani yake. Oaneni."

Tukaoana. Adhiambo alizaliwa mwaka uliofuata, mzima, mnene, anacheka na kila mtu. Alipofika miezi minane aliamka analia, na vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimevimba vikang'aa. Niliviona nikajua kabla ya daktari. Hospitalini Kisumu walitoa damu yake, na yetu, na karatasi tatu zikarudi zikisema upande mmoja kwangu, upande mmoja kwa Atieno, na pande zote mbili kwa mtoto.

Mama yake Atieno alikuja wodini. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akatuambia kwamba kabla ya Atieno alizaa wavulana wawili. Kanisa lao halikutaka majina yanayoita kifo, wala matambiko ya kutupa mtoto njiani, kwa hiyo wale wawili walizikwa, wakaombewa, na hawakutajwa tena. Atieno, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, alisikia habari za kaka zake kwenye benchi la wodi ya watoto.

Nilimchukia Mwalimu kwa miaka sita. Ilinisaidia. Kila Adhiambo alipolia kwa maumivu ya mifupa, nikiwa nimemshika mgongo na Atieno akipasha maji ya kumkanda, nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Atieno hakukubaliana nami. Aliniambia mara moja, akikunja nguo, bila kugeuka, kwamba kutoka Sondu hadi maabara ya Kisumu si mbali, na aliyeamua twende kwa mzee badala ya maabara hakuwa mzee.

Mwaka huu, Atieno akiwa na mimba ya miezi saba ambayo hatukuipanga, nilimchukua Adhiambo Jumapili moja mchana nikapanda naye kwenda kwa Mwalimu. Sitaficha nia yangu. Nilitaka amwone. Nilitaka imwume.

Njia ya kupanda ilimchosha Adhiambo, nikambeba sehemu ya mwisho. Tulipopita, mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nafaka aliwaita watoto wake waingie ndani, alipoona tunakata kona kwenda kule. Nyumba ilikuwa kimya. Mkewe alikuwa amefariki mwaka juzi. Mwalimu alikaa barazani kwenye kiti cha kamba, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho, mikono inatetemeka. Shati lilikuwa limefungwa hadi shingoni. Alinitambua kwa sauti. Kisha akamgeukia Adhiambo kwa lile jicho zima, akamtazama kwenye weupe wa macho, na nikaona mwili wake ukishuka kitini, kama mtu aliyeondolewa kitu cha kumshikilia.

Hakuuliza chochote. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na jagi la maji na kikombe, akammiminia mtoto.

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa miaka sita. Nilimwambia alikosea, majina yalimdanganya, walikuwepo wawili na kanisa liliwafunika. Nilimwambia mke wangu ana mimba nyingine. Nilimwambia alikuwa mwalimu, alijua maabara iko wapi.

Adhiambo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza, anakunywa.

"Majina hayakunidanganya," alisema. "Watu walianza kunificha majina ukiwa bado mwanafunzi wangu. Nilijua hayana maana tena."

Nikamuuliza kwa nini basi aliyauliza.

"Mimi na marehemu tulipimwa kabla ya kuoana. Kisumu. Wote tulikuwa nayo. Tukakubaliana hatutazaa, na tukatimiza." Alipangusa jicho bovu, lililokuwa likitoa maji yenyewe. "Ulipokuja na yule msichana nilijua maabara huenda ikasema hapana. Na wewe ungetii, Owiti, ulikuwa mtiifu. Ungerudi kwenye safari zako, leo mji huu, kesho ule. Nikasema moyoni, huyu nimuulize majina."

Nilikuwa nimekuja kumlaumu mtu aliyekosea kwa kutojua.

"Kwa hiyo ulitupigia kura ya bahati," nilisema.

"Ndiyo. Na ikaanguka kwake." Akaelekeza kidevu kwa Adhiambo. Kisha sauti yake ya darasani ikarudi, ikavunjika, ikarudi. Akaniambia mimba ya pili haijui lolote kuhusu ya kwanza; kwa mtoto huyu tena, katika nafasi nne ni moja awe kama dadake. Nimpeleke Atieno azalie hospitalini. Mtoto achomwe kisigino apimwe damu siku hiyo hiyo, nisingoje vidole vivimbe, maana anayejulikana mapema anaanzishiwa dawa mapema, na siku hizi wapo wanaofika utu uzima. Akauliza kama Adhiambo anameza dawa zake kila siku. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, kana kwamba hakusikia.

Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa na upepo ulikuwa umeanza kuwa baridi. Nilivua koti nimvishe mtoto. Alikuwa ameacha kunywa, akimtazama Mwalimu. Nilikuwa nimesahau kwamba watoto wa wodini husikiliza. Wamezoea watu wazima kuzungumza juu ya vichwa vyao.

"Babu," alisema, "ni wewe ulimwambia baba amwoe mama?"

Mwalimu alinitazama kwanza mimi. Sikumsaidia.

"Ni mimi," alisema.

Adhiambo alifikiri. Ana namna ya kufikiri, anauma mdomo wa chini.

"Asante," akasema.

Mwalimu alishika jagi kwa mikono yake inayotetemeka akamwongezea maji, mengi yakamwagika sakafuni, na Adhiambo akakipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia ulikuwa umeanza kumuuma tena.